Alama Pekee Hazitoshi: Mwanafunzi Anavyochaguliwa Kuingia National Honor Society

Kazi yangu ni kuzisaidia familia za wahamiaji katika shule za umma hapa Marekani. Wazazi wanaozungumza Kiswahili, hasa waliotoka Congo wakapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania au Kakuma kule Kenya, huniuliza sana swali hili: mtoto wangu ana alama nzuri, mwenzake wa darasa moja kaitwa NHS, wangu hakuitwa. Je, wamembagua? Ubaguzi wakati mwingine upo, na huko chini nitaeleza namna ya kuufuatilia. Lakini mara nyingi zaidi chanzo ni fomu ya shughuli za mtoto iliyorudishwa nusu tupu, au ambayo haikurudishwa kabisa.

NHS ni kifupi cha National Honor Society, jumuiya ya wanafunzi bora wa sekondari. Ilianzishwa mwaka 1921 na chama cha kitaifa cha wakuu wa shule za sekondari, na tawi la kwanza lilikuwa Fifth Avenue High School mjini Pittsburgh, ambako mkuu wa shule, Edward Rynearson, alikuwa mstari wa mbele katika kuiasisi. Mwaka 1929 ikaongezwa jumuiya dada ya wanafunzi wadogo, National Junior Honor Society. NHS si mpango wa serikali. Kila shule inayotaka hufungua tawi lake, lenye mwalimu mlezi wake na kanuni zake ndani ya kanuni za kitaifa. Ndiyo maana majibu mliyopata kwa shangazi anayeishi jimbo jingine yanaweza yasifanye kazi kwenye shule ya mwanao.

Wazazi wengi wanadhani mtoto hujiandikisha NHS kama anavyojiandikisha timu ya mpira. Sivyo. Anachaguliwa, na anapimwa kwa nguzo nne: taaluma, huduma, uongozi na tabia. Kanuni za kitaifa zinataka awe darasa la 10, 11 au 12, awe amesoma katika shule hiyo kwa muda usiopungua muhula mmoja, na wastani wa jumla wa alama zake usiwe chini ya 3.0 katika kipimo cha 4.0, sawa na B au asilimia 85. Tawi haliruhusiwi kushusha kiwango hicho, ila linaweza kukipandisha, na matawi mengi yamepandisha hadi 3.5 au zaidi. Wa darasa la 9, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari, hawapokelewi. Uraia na karatasi za uhamiaji si sehemu ya masharti hayo.

Neno la kulitilia mkazo hapo ni jumla. Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyeingia darasa la 9 Kiingereza chake kikiwa bado kichanga. Katika masomo sita alipata A moja, B tatu na C mbili. A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2, kwa hiyo ana pointi 17. Gawanya kwa 6, unapata 2.83. Darasa la 10 akachangamka, A tatu na B tatu, pointi 21, wastani 3.5. Mzazi akiishika ripoti hiyo ya pili anaona mtoto kafika. Tawi lakini halitazami mwaka mmoja. Linajumlisha kila somo tangu darasa la 9: pointi 38 kwa masomo 12, yaani 3.17. Kwenye tawi linalotaka 3.0 amepita. Kwenye tawi linalotaka 3.5 hajafika, na hata akipata A tupu katika masomo yote sita ya darasa la 11 atakuwa na pointi 62 kwa masomo 18, ambayo ni 3.44. C mbili za mwaka wa kwanza bado zinamshika mguu.

Kwa hiyo mzazi anayeanza kuulizia NHS mtoto akiwa darasa la 11 amechelewa miaka miwili. Ulizeni wiki ya kwanza ya darasa la 9: tawi la shule hii linataka wastani gani, na je, linahesabu pointi za ziada ambazo shule nyingi hutoa kwa masomo magumu kama AP (Advanced Placement, masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari), au linatumia alama za kawaida tu? Jibu la swali hilo la pili linaweza kubadilisha masomo atakayochagua.

Kuna jambo jingine linalowahusu waliofika na vyeti vya nje. Shule za Wakongomani kule Nyarugusu zilifuata mtaala wa Congo, na matokeo yake ni asilimia. Mtoto aliyepata 65 huko ni mtoto anayejitahidi. Katika shule nyingi za Marekani, 65 ni D, alama inayokaribia kufeli. Karani akizinakili asilimia hizo hivi hivi bila kuuliza kipimo chake, mtoto anaanza safari akiwa na deni la alama ambalo hakulikopa. Wilaya nyingi huandika masomo ya nje kama yaliyofaulu tu, bila kuyaingiza kwenye wastani, au huyabadilisha kwa jedwali maalumu. Mwombeni mshauri wa wanafunzi awaonyeshe ripoti ya jumla ya matokeo, mtazame mstari kwa mstari jinsi masomo ya nje yalivyoandikwa. Kama kuna kosa, mwombeni alirekebishe mapema. Alama zikishakuwa hapo miaka miwili, kila mtu anaziona kuwa ndizo.

Sasa fomu. Mwanafunzi aliyevuka kiwango cha alama kwa kawaida hupewa fomu ya kueleza shughuli zake: alifanya nini, akiwa darasa la ngapi, kwa saa ngapi, na jina la mtu mzima aliyemsimamia pamoja na sahihi yake. Hapa ndipo watoto wetu wanapopotea. Binti mmoja wa darasa la 11 aliniletea fomu yenye mstari mmoja: kwaya ya kanisa.

“Jumamosi huwa unafanya nini?” nikamuuliza.

“Nafundisha watoto sauti, mwalimu.”

“Wangapi?”

“Kama kumi na watano hivi.”

“Na mama mgeni akifika kutoka kambini, hajui Kiingereza, nani anampeleka kliniki?”

“Mimi, maana wakubwa wako kazini.”

“Mbona hukuandika?”

“Hiyo si kazi, mwalimu. Ni kusaidia tu.”

Sina lawama naye hata kidogo. Amelelewa vizuri. Kwetu mtoto anayejitangaza anaonekana hana adabu, na anayemshika mkono mgeni hatarajii kuandikwa popote. Ila wanaoisoma fomu hawajui chochote kuhusu Jumamosi zake, na wanaamua kwa kilichoandikwa. Kufundisha watoto 15 ni uongozi. Kumtafsiria mgeni kliniki bila malipo ni huduma. Wazazi, mkalishe mwanao, mkumbushe mambo anayoyafanya mpaka hayaoni tena.

Yapo mambo yenye mipaka. Kulea wadogo zake nyumbani wakati mama yuko zamu ya usiku ni mzigo mzito, lakini matawi mengi hayauhesabu kama saa za huduma kwa jamii, kwa kuwa ni ndani ya familia. Usiuache nje ya fomu kwa sababu hiyo. Uandikwe mahali pa uongozi na wajibu, kwa sentensi moja iliyonyooka: anawalea wadogo zake watatu kila siku za shule kuanzia saa tisa alasiri hadi saa tatu usiku. Msomaji mwenye akili ataelewa kwa nini mtoto huyu hana klabu za jioni. Kazi ya mshahara nayo si huduma, ila inaonyesha mtu anayetegemewa. Ibada yenyewe kwa kawaida haihesabiwi; kugawa chakula kanisani, kusomesha wadogo madrasa au kusafisha ukumbi baada ya msiba, hayo mara nyingi huhesabiwa. Mchungaji, imamu, mwalimu wa madrasa na kiongozi wa jumuiya wanaweza kuweka sahihi. Mzazi kwa kawaida hawezi.

Saa ziandikwe siku ileile, kwenye daftari au simu. Na zisiongezwe. Mwalimu mlezi anaweza kupiga simu kuthibitisha, na saa kumi za uongo zitamwangusha mtoto kwenye nguzo ya tabia hata kama nyingine tatu zimesimama imara.

Fomu ikirudi inakwenda kwa baraza la walimu watano walioteuliwa na mkuu wa shule. Wanapiga kura, na wengi wao wakikubali mwanafunzi amechaguliwa. Mwalimu mlezi wa tawi huwa kwenye kikao lakini hapigi kura, na mkuu wa shule mwenyewe si mjumbe. Baraza linaweza kuomba maoni ya walimu wengine, na hapo mtoto mnyamavu hupungukiwa: si kwamba walimu wanamsema vibaya, bali hawana la kusema. Mwalimu wa Kiingereza kwa wageni ndiye mara nyingi anayemjua vizuri kuliko wote. Mtoto amwombe mapema awe tayari kumsemea. Matawi mengine yanadai na insha. Kwa maoni yangu, tawi linalompima mtoto aliyefika nchini miaka miwili iliyopita kwa ufasaha wa insha yake ya Kiingereza linapima kitu ambacho hakimo katika nguzo nne, na mzazi ana kila sababu ya kulisema hilo kwa heshima mbele ya mkuu wa shule.

Kuhusu tabia, kinachotazamwa ni uaminifu katika mitihani na kazi za darasani, nidhamu, na namna anavyoishi na wenzake. Rekodi ya kuchelewa nayo inaweza kutajwa. Kama mtoto anachelewa kwa sababu anangoja basi la shule pamoja na mdogo wake, ofisi ya shule ijulishwe sasa, kabla ya msimu wa uchaguzi.

Tabia haiwezi kugeuzwa kisingizio cha kumtenga msichana. Mwaka 1998 katika wilaya ya Grant jimboni Kentucky, wasichana wawili waliofikisha alama walinyimwa NHS, mmoja akiwa mjamzito na mwingine ameshazaa. Mahakama ya shirikisho iliamuru wapokewe wakati kesi ikiendelea, kwa msingi wa sheria ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia shuleni. Nalitaja hili kwa makusudi. Familia nyingi zimetoka mahali ambapo mimba ilimaliza shule ya msichana papo hapo. Tanzania ilifungua mlango wa wasichana hao kurudi shule za kawaida Novemba 2021. Hapa mimba haimwondoi msichana shuleni, wala haimfungii nje ya heshima aliyoisotea.

Mtoto akikataliwa, mzazi aombe kikao na mwalimu mlezi na aulize ni nguzo gani iliyopungua. Asiporidhika aende kwa mkuu wa shule, ambaye ndiye anayesikiliza rufaa. Ofisi ya kitaifa haitengui uamuzi wa tawi. Mahakama za Marekani nazo zimekuwa zikisema uanachama huu ni heshima inayotolewa, si haki ya kudai, isipokuwa pale palipo na ubaguzi wa rangi, asili, jinsia au ulemavu. Hapo malalamiko yanaweza kupelekwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu. Mzazi ana haki ya kuona rekodi za elimu za mwanawe ambaye hajatimiza miaka 18, na shule inatakiwa kumwonyesha ndani ya siku 45. Ana haki pia ya mkalimani bila malipo katika kikao. Tafadhali msimtumie mtoto huyohuyo awe mkalimani wa kesi yake mwenyewe.

Neno kuhusu pesa. Ada ya mwanachama katika tawi la NHS, ikiwepo, haizidi dola 20 kwa mwaka. Barua zinazofika nyumbani zikiwa na muhuri wa dhahabu, zikidai mtoto “ameteuliwa” na jumuiya ambayo shule haina habari nayo na kwamba alipe makumi ya dola, ni habari nyingine kabisa. Kabla ya kutoa hata senti, mpelekeeni mshauri wa shule barua hiyo.

Shule nyingine hazina NHS bali zina jumuiya tofauti. California ina California Scholarship Federation, ambayo nayo ilianza 1921, na huko mwanafunzi ndiye anayeomba mwenyewe kila muhula kwa pointi za matokeo: A inampa 3, B inampa 1, na anahitaji 10. Asipoomba, hakuna atakayemwita hata akiwa wa kwanza darasani.

Je, NHS inamfungulia mtoto chuo kikuu? Peke yake, hapana. Vyuo vinatazama kwanza masomo aliyochukua na alama zake. Inachompa ni udhamini ambao wanachama wa mwaka wa mwisho pekee wanaweza kuuomba, walimu wanaomfahamu kiasi cha kumwandikia barua nzuri, na kundi la wenzake wanaozungumza habari za chuo kila wiki. Kwa mtoto ambaye nyumbani hakuna aliyewahi kujaza fomu ya chuo, hilo la mwisho naliona kubwa kuliko yote.

Akishapokelewa kazi inaendelea. Alama zikishuka chini ya kiwango anapewa onyo na muda wa kujirekebisha. Asipojirekebisha anaitwa mbele ya baraza, na akifukuzwa harudi tena NHS maisha yake yote ya sekondari. Na kwa kuwa familia zetu huhama sana, leo Kentucky, mwakani Ohio kwa ndugu, jueni kwamba mwanachama anayehamia shule yenye tawi hupokewa moja kwa moja, kisha hupewa muhula mmoja kufikia viwango vya tawi jipya. Anachohitaji ni barua ya mwalimu mlezi au mkuu wa shule anayoiacha. Iombeni wiki ileile mnayoomba rekodi za uhamisho, kabla shule haijafunga, kwa sababu Julai hamtampata mtu wa kuiandika.