Kanisa la Dunwich halikumezwa kwa usiku mmoja

Husimuliwa kwamba makanisa ya Dunwich, mashariki mwa Uingereza, yalizama yote katika dhoruba ya 1286, na eti kengele zake bado hulia chini ya maji. Hadithi tamu, ila siyo. Dhoruba ile iliuumiza vibaya mji na bandari yake, lakini kanisa la parokia la All Saints lilikuwa bado limesimama mwanzoni mwa karne ya 20.

Gema la pale si mwamba, ni mchanga na changarawe: mawimbi hula chini, juu hukatika. Waumini walishalihama kanisa katika miaka ya 1750. Ukingo ulilifikia 1904, likaporomoka kipande kwa kipande hadi mnara ulipoanguka 1919. Egemeo moja la ukuta liliokolewa, likahamishiwa uwanja wa kanisa la St James.