Gemu ya mtandaoni hukuchaguliaje mpinzani?

Unabonyeza kitufe cha kutafuta mechi, kioo kinakuambia usubiri, na baada ya sekunde kadhaa umeshaingizwa uwanjani na watu usiowajua. Kilichofanyika katika sekunde hizo ndicho kinachoitwa upangaji wa wapinzani. Mfumo wa gemu umepitia watu waliokuwa kwenye foleni wakati huo, ukaangalia makadirio ya uwezo wa kila mmoja, ukapima umbali wao kutoka kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha mechi, kisha ukaamua nani akutane na nani. Mechi ikiisha, kazi ya pili huanza: matokeo yanapelekwa kwenye makadirio yale, na namba ya kila mchezaji inapandishwa au kushushwa. Huko ndiko kupima viwango. Kazi hizi mbili zinategemeana, kwa kuwa namba isiyo sahihi huzaa mechi mbovu, na mechi zilizopangwa ovyo haziipi namba nafasi ya kujirekebisha.

Zamani mambo hayakwenda hivyo. Enzi za Quake, gemu iliyotoka 1996, mchezaji alijitafutia seva mwenyewe na kuingia. Aliyeanza jana angeweza kuangukia mikononi mwa mabingwa na asijue kilichompiga. Halo 2, iliyotoka 2004, ndiyo iliyowazoesha wachezaji wengi wa konsoli, zile mashine za gemu zinazounganishwa na televisheni, utaratibu wa kuchagua aina ya mechi tu, kisha mfumo ukamalizia yaliyobaki. Leo gemu nyingi kubwa za ushindani hufanya hivyo hivyo.

Hesabu iliyo chini ya yote haya ni ya zamani kuliko gemu zenyewe, na imetoka kwenye sataranji. Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette nchini Marekani, alitengeneza njia ya kupima wachezaji ambayo shirikisho la sataranji la Marekani liliipokea 1960, na shirikisho la kimataifa, FIDE, likaifuata 1970. Wazo lake ni hili: kila mchezaji ana namba moja, na tofauti kati ya namba za wachezaji wawili inatabiri ni mara ngapi mmoja atamshinda mwenzake. Namba ikiwa peke yake haina maana yoyote. Kusema fulani ana 1600 hakutuambii chochote mpaka tujue anacheza na nani.

Tufanye hesabu yenyewe, maana ukiielewa hii, mengine yote yanafunguka. Mchezaji wa kwanza ana 1600, wa pili ana 1400. Kwa kanuni ya Elo, tofauti ya alama 200 ina maana kwamba mwenye nguvu anatarajiwa kuvuna asilimia 76 ya pointi zote watakazogombea. Kwa hiyo kabla hawajaanza, mfumo umeshamwandikia 0.76. Akishinda anapata 1, yaani amezidi matarajio kwa 0.24 tu. Akipoteza anapata 0, amepungukiwa na 0.76 nzima. Tofauti hiyo inazidishwa kwa namba maalumu ya kuamua mwendo, tuchukue 20. Akishinda anaongezewa alama 4.8, akipoteza anakatwa 15.2. Mwenzake mnyonge anaona kinyume chake: ushindi unampa 15.2, kipigo kinamgharimu 4.8.

Sasa wacheze mechi mia bila sare, na kwa urahisi wa mfano tuziache namba zao palepale walipoanza. Mwenye nguvu akishinda 76, amekusanya 364.8. Akipoteza 24, amekatwa 364.8. Jumla ni sifuri. Ameshinda mara tatu zaidi ya mwenzake na namba yake haijasogea hata kidogo, kwa sababu amefanya kile hasa kilichotarajiwa kwake. Hapa ndipo wachezaji wengi wanapoikosea namba hii. Wanaitazama kama malipo ya ushindi, halafu wanaona wamedhulumiwa mshahara unapokuwa mdogo. Namba ni utabiri, na inasogea pale tu utabiri unapokosea. Ukimfunga mtu uliyetarajiwa kumfunga, umethibitisha kilichokuwa kinajulikana. Ukimfunga aliyekuzidi mbali, umeuambia mfumo jambo jipya, ndiyo maana unakurusha juu.

Ile 20 niliyotumia haikuokotwa tu. FIDE humpa mchezaji mpya 40, wengi wa waliokomaa hutumia 20, na aliyewahi kufika 2400 hutumia 10. Mpya anasogezwa kwa hatua ndefu kwa kuwa hajulikani bado. Bingwa anasogezwa taratibu kwa kuwa rekodi yake ni ndefu na mechi moja haiwezi kuifuta.

Lakini kutojulikana kunastahili kupimwa, na hapo Elo peke yake haitoshi. Watu wawili wanaweza kuwa na 1500: mmoja amecheza mechi elfu, mwingine amefungua akaunti leo asubuhi. Mtaalamu wa takwimu Mark Glickman alilitatua hilo mwaka 1995 kwa mfumo wa Glicko, ambao humpa kila mchezaji namba mbili: makadirio ya uwezo, na kiasi cha mashaka juu ya makadirio hayo. Ukicheza sana, mashaka yanapungua na namba yako inatulia. Ukipotea kwa miezi, mashaka yanakua tena, kwa hiyo ukirudi unapanda na kushuka kwa kasi mpaka mfumo ukujue upya. Tovuti ya sataranji ya Lichess hutumia toleo la pili la mfumo huo na huwaanzishia wachezaji wapya kwenye 1500.

Microsoft nao walitengeneza mfumo wao wa kupima viwango, TrueSkill, ulioanza kazi pamoja na konsoli yao ya Xbox 360 mwaka 2005. Humo mgeni, yaani mchezaji mpya, anakadiriwa kuwa na uwezo wa 25, na mashaka ya 25 gawanya kwa 3. Namba inayooneshwa hupatikana kwa kuchukua makadirio na kutoa mashaka mara tatu. Kwa mgeni jibu ni sifuri. Kwa hiyo mchezaji anayeona sifuri mbele yake amekadiriwa ndani kwa ndani kuwa mtu wa katikati. Sifuri ile ni kiwango ambacho mfumo uko tayari kukithibitisha, na mfumo haujathibitisha chochote bado. Mechi za mwanzo za kupimwa, zile ambazo gemu nyingi hukutaka uzicheze kabla ya kukupa daraja, zinafanya kazi hiyohiyo ya kupunguza mashaka haraka.

Timu zinavuruga mambo zaidi. Elo alikuwa na watu wawili mezani. Gemu ya leo ina watano dhidi ya watano, au watu mia kwenye kisiwa kimoja wakiwindana mpaka abaki mmoja. Njia nyepesi ni kuchukua wastani wa timu, lakini wastani unadanganya. Timu ya watu watano wenye 1500 kila mmoja ina wastani wa 1500. Timu ya mmoja mwenye 2300 na wanne wenye 1300 nayo ina wastani wa 1500. Yeyote aliyewahi kucheza mechi kama hiyo anajua kwamba hizo si timu zinazolingana: ama yule bingwa anawaburuza wote, ama wale wanne wanawindwa mmoja mmoja huku yeye akihangaika peke yake. Mifumo mizuri huzuia pengo kubwa ndani ya timu. Mingine pia hujaribu kuwakutanisha marafiki walioingia pamoja na kundi lingine la marafiki, maana watu wanaozungumza na kujuana hucheza vizuri kuliko namba zao zinavyosema.

Kuna swali ambalo kila mchezaji wa timu huliuliza: kwa nini nikatwe alama kwa uzembe wa wenzangu? Mfumo unaohesabu ushindi na kushindwa pekee hujibu kwamba katika mechi nyingi, mtu pekee aliyekuwepo kila mara ni wewe, kwa hiyo mchango wako utajitokeza. Ni kweli, ila inachukua muda. TrueSkill 2, iliyochapishwa 2018, iliongeza vitu vingine kwenye hesabu, kama idadi ya wapinzani uliowaangusha, uzoefu wako na kama umeingia na kikosi. Katika data ya Halo 5, watafiti wake waliripoti kwamba ilitabiri matokeo kwa usahihi wa asilimia 68, huku TrueSkill ya awali ikiishia asilimia 52, karibu sawa na kurusha sarafu. Hata hivyo, hesabu ya mchango binafsi ina hatari yake. Ukiwalipa watu kwa kuua, watafuata kuua na kumwacha mwenzao alinde kituo peke yake. Mimi naona ushindi wa timu ubaki kipimo kikuu, na takwimu za mtu zitumike kumfahamu mgeni haraka tu.

Sasa tuje kwenye beji. Shaba, Fedha, Dhahabu, Almasi na kuendelea: hizi ndizo zinazooneshwa, na katika gemu nyingi hazifanani na namba inayotumika kukutafutia mpinzani. League of Legends ilionesha alama za Elo waziwazi mpaka 2013, ilipoleta madaraja yenye alama za ligi na kuificha namba halisi, ile wachezaji wanayoiita MMR. Tangu hapo kuna ngazi mbili zinazokwenda sambamba. Ukiona kila ushindi unakupa alama nyingi na kila kipigo kinakukata kidogo, namba iliyofichwa iko juu ya beji yako na mfumo unaivuta beji ifike huko. Ukiona kinyume, umepanda kuliko unavyokadiriwa. Msimu mpya ukianza na beji yako ikashushwa, mara nyingi wapinzani hawabadiliki sana, kwa kuwa namba ya ndani imebaki karibu na ilipokuwa. Beji ipo kwa ajili ya moyo wa mchezaji: ina hatua za kufikia, ina mwanzo mpya, ina kitu cha kuonesha marafiki. Sioni ubaya hapo, ila mchezaji ana haki ya kuambiwa kwamba anachokiona sicho kinachompangia mechi.

Hata namba ikiwa sahihi kabisa, bado mfumo una shida tatu zinazovutana: uwezo, muda wa kusubiri na umbali. Mpinzani anayekufaa zaidi duniani huenda yuko bara lingine. Mwanga hupita kwenye nyaya za kioo kwa takriban kilomita 200 kila milisekunde, kwa hiyo seva iliyo kilomita 8,000 kutoka kwako haiwezi kukujibu chini ya milisekunde 80, kwenda na kurudi, hata mtandao wako ukiwa mzuri namna gani. Katika gemu ya kulenga na kupiga, pengo hilo unaliona: umeshajificha nyuma ya ukuta na bado risasi imekupata. Kwa hiyo mfumo huanza kwa masharti makali, watu wa namba ya karibu na seva ya karibu, kisha kadiri sekunde zinavyopita hulegeza masharti. Ndiyo sababu mechi za usiku wa manane, au za wachezaji walio kileleni kabisa, huwa na mapengo makubwa au foleni ndefu. Watu hawatoshi.

Mfumo ukifanya kazi yake vizuri, utashinda karibu nusu ya mechi zako. Hapo ndipo shutuma huzuka: "gemu inanilazimisha kupoteza." Tuhesabu kidogo. Mtu mwenye nafasi sawa ya kushinda na kushindwa akicheza mechi 100, uwezekano wa kukutana walau mara moja na vipigo vitano mfululizo unazidi asilimia 80. Mfululizo wa kupoteza unaumiza, na mtu aliyechoka hucheza vibaya zaidi, lakini wenyewe si ushahidi wa njama.

Hiyo haina maana kwamba shaka yote ni ya bure. Mwaka 2017 kampuni ya gemu ya Activision ilipewa hataza (patent) nchini Marekani ya mfumo unaoweza kupanga mechi kwa namna ya kumshawishi mchezaji anunue vitu ndani ya gemu. Kampuni ilisema haujatumika katika gemu yoyote. Mwaka huohuo, watafiti wakiwemo wa kampuni nyingine ya gemu, Electronic Arts, walichapisha kazi kuhusu kupanga mechi kwa lengo la kumfanya mchezaji asiondoke, badala ya kulenga mechi iwe sawa. Kwa hiyo jambo hili linawezekana kiufundi, na mchezaji hana njia ya kulikagua akiwa nyumbani kwake. Upande wa pili, mwaka 2024 Activision ilieleza jaribio lililofanywa katika Call of Duty, ambapo uzito wa uwezo katika kupanga mechi ulipunguzwa kwa siri kwa kundi la wachezaji. Waliripoti kwamba watu walikimbia mechi zaidi, na kwamba wale wa asilimia 90 ya chini kwa uwezo walirudi kucheza kwa uchache. Waliofaidi ni wale wa juu kabisa, na sauti zao ndizo zinazosikika zaidi katika kulalamikia mechi ngumu.

Kinachouharibu mfumo kwa hakika ni bingwa anayefungua akaunti mpya ili aponde wageni, yule wanayemwita smafu. Utabiri unajengwa juu ya historia, naye ameitupa historia yake. Kila anayekutana naye anakatwa alama kwa kushindwa na mtu aliyeandikwa kuwa sawa naye. Mifumo yenye mashaka ndani yake humgundua mapema na kumrusha juu baada ya mechi chache, lakini hao wa mwanzo wameshaumia. Septemba 2023, kampuni ya Valve ilifungia akaunti 90,000 za aina hiyo katika gemu yake ya Dota 2, ikasema imezifuatilia mpaka kwenye akaunti kuu za wenyewe, na kwamba kuanzia hapo akaunti kuu nayo inaweza kuadhibiwa kwa makosa ya ile ya pili.