Dawa za presha na vingine unavyomeza

Swali: Mama anameza losartani kila siku, hakosi, lakini presha haishuki. Dawa imeshindwa?

Jibu: Kabla hujailaumu losartani, muulize ni kipi kingine anachomeza. Wengi husema "hakuna", kisha baadaye wanakumbuka "kile kidonge cha magoti." Mara nyingi kidonge hicho ni diklofenaki au ibuprofeni, na kwa kuwa hununuliwa dukani kama pipi, hakihesabiwi kuwa dawa. Dawa hizi huufanya mwili uzuie chumvi na maji, presha ikapanda, na losartani ikapungua nguvu. Kama anatumia pia dawa ya kukojoza maji, zikikutana zote tatu figo zinaweza kuumia, hasa kwa mzee au mtu anayeharisha na kutapika. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo sahihi ni afadhali, isipokuwa ile ya kuyeyusha inayotoa povu, kwani ina sodiamu nyingi.

Swali: Na dawa za mafua?

Jibu: Zenye pseudoefedrini, dawa ya kuzibua pua, hubana mishipa ya damu, na presha ikapanda. Mwambie muuzaji una presha kabla hajakupa chochote.

Swali: Nimeshauriwa nile ndizi na kunywa madafu kwa wingi. Ni sawa?

Jibu: Ndizi na madafu vina madini ya potasiamu. Ndizi moja haina neno kama figo zako ni nzima. Lakini dawa za presha kama losartani, enalaprili na spironolaktoni huzuia potasiamu isitoke kwenye mkojo, kwa hiyo "kwa wingi" ndiyo inayonitia wasiwasi. Hatari zaidi ni chumvi mbadala zinazotengenezwa kwa potasiamu: ikizidi kwenye damu, mapigo ya moyo huvurugika, pengine bila dalili yoyote ya kukuonya.

Swali: Balungi je?

Jibu: Ukiwa kwenye nifedipini, dawa nyingine ya presha, liache. Huongeza dawa kwenye damu, na kusubiri saa chache hakusaidii, maana athari yake inaweza kudumu zaidi ya siku nzima.

Swali: Nina pumu na kisukari, na nimeandikiwa propranololi ya presha.

Jibu: Rudi kwa daktari mapema umkumbushe yote mawili. Propranololi inaweza kubana njia za hewa. Tena sukari ikishuka, huenda usisikie moyo kwenda mbio wala mikono kutetemeka. Huenda ukabaki na jasho tu. Ila usiiache ghafla mwenyewe, isipokuwa umebanwa na kifua: hapo usimeze nyingine, kimbia hospitali.

Swali: Na mjamzito?

Jibu: Losartani na enalaprili humdhuru mtoto tumboni. Ukigundua una mimba, nenda kliniki siku hiyohiyo ubadilishiwe. Methildopa na nifedipini hutumika kwa wajawazito.