Mwembe umechanua, mvua bado: yanayosemwa kuhusu bustani zetu na ukweli wake

Kuanzia Septemba hadi mvua za kwanza za mwishoni mwa Novemba au Desemba, Mtwara na Lindi zinapendeza. Mikorosho inamalizia kuchanua, miembe ina maua na vijiembe kwa pamoja, bogenvilia zimefunika kuta za Mikindani, na mikrismasi inajiandaa kuwaka nyekundu. Ndiyo miezi hiyo hiyo ambayo watu huharibu bustani zao kwa nia njema kabisa, kwa sababu tu ya maneno yanayopokezana toka ua mmoja hadi mwingine.

Linaloniuma zaidi ni hili kuhusu majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini: "Choma majimoto hao, wanamaliza mwembe." Mtu anawasha kuti, anapanda juu, anateketeza viota vyote kwa jioni moja. Ukweli ni kwamba majimoto hawali majani, maua wala embe. Ni wawindaji. Kitazame kiota chao kwa karibu: majani mabichi yamevutwa pamoja na kushonwa kwa nyuzi nyeupe, na nyuzi hizo zinatoka kwa mabuu wao, ambao wakubwa huwabeba mdomoni na kuwapitisha toka jani hadi jani. Kundi hilo linalinda mti wake kwa ukali. Mbu wa mikorosho, yule anayefyonza chipukizi changa hadi zikapiga madoa meusi na kukauka, hapati nafasi ya kutulia kwenye mti wenye majimoto wengi. Zanzibar, tangu miaka ya 1950, watafiti wa minazi walionyesha kuwa majimoto hao hao humfukuza kunguni wa minazi anayesababisha nazi changa kupukutika. Ni kweli wanang'ata, na ni kweli wanafuga vidugamba, wadudu wadogo wanaofyonza mti, ili walambe utomvu wao mtamu. Lakini hasara hiyo ni ndogo ukiilinganisha na ulinzi wanaoutoa bure. Siku ya kuchuma, jipake majivu mikononi na miguuni, chuma, shuka.

Jingine ni hofu ya maua kudondoka. Asubuhi unakuta chini ya mwembe pamejaa vumbi la maua, jirani anakwambia mti unaumwa, mwingine anakuletea bomba la dawa. Shada moja la mwembe hubeba maua mamia, pengine maelfu, na mengi ni dume, hayakuumbwa kuwa tunda. Chini ya asilimia 1 ya maua yote ndiyo hufika kuwa embe la kuvunwa. Mkorosho nao una maua dume na yenye jinsia mbili kwenye shada moja, na mengi huanguka. Kupiga dawa ya wadudu wakati wa maua kunaua nyuki na nzi wanaobeba chavua, kisha matunda yanapungua kweli, na lawama anabebeshwa mwembe.

La kuangalia ni unga mweupe kwenye shada. Huo ni ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga, nao haungoji mvua kama wengi wanavyodhani. Unapenda msimu huu wa kiangazi wenye usiku wa baridi kidogo na umande wa alfajiri. Salfa, dawa inayopigwa kuuzuia, inakinga maua mazima, haifufui yaliyokwisha kuungua. Tena salfa si mbolea na haileti maua, ingawa utasikia hivyo vijiji vingi. Ikimwagwa ovyo mwaka hadi mwaka, inaongeza tindikali kwenye udongo wetu wa kichanga ambao tayari ni dhaifu. Ukiwa na shaka, kituo cha utafiti cha Naliendele kiko hapo karibu na mji wa Mtwara, na korosho ndiyo kazi yao kubwa.

Kuna na msumari kwenye mpapai dume, ati ukipigiliwa unageuka kuzaa. Jinsia ya mpapai imo ndani ya mbegu. Midume michache hutoa matunda yenyewe hali ya hewa inapobadilika, na hapo msumari ndio unaopewa sifa. Panda miche 3 au 4 shimo moja, subiri maua, kisha ng'oa midume yenye maua yanayoning'inia kwa vikonyo virefu. Acha dume mmoja tu kwa bustani nzima.

"Usimwagilie mchana, matone yataunguza majani." Mwaka 2010 watafiti wa Hungaria walilipima jambo hili: tone lililolala kwenye jani laini haliunguzi, hatari kidogo ipo kwa majani yenye manyoya yanayoliinua tone juu. Sababu ya kumwagilia alfajiri au jioni ni kwamba mchana maji mengi yanapotea hewani, na maji kwetu ni ya kununua kwa ndoo. Chimba kwa kidole baada ya kumwagilia: mara nyingi juu kumelowa, na chini mchanga bado ni mkavu kabisa.

Mchanga huo wanasema haufai kitu. Unafaa, ila haushiki maji wala chakula, kwa hiyo unahitaji mboji. Na hapa ndipo uchomaji wa majani makavu unapotugharimu: majivu yanabakiza potasiamu na chokaa, lakini naitrojeni karibu yote inaondoka na moshi. Majani hayo yarundike, yaloweshe, au yatandaze chini ya bamia na nyanya. Mbolea ya kuku mbichi, inayosifiwa kwa "ukali", inaunguza mizizi. Iache ioze miezi 2 au 3.

La mwisho, mvua ya kwanza. Inanyesha siku moja, kila mtu anamwaga mbegu zote, kisha jua linawaka wiki mbili na miche inakufa. Sia kidogo, hifadhi mbegu nyingine ndani ya chupa iliyokauka, mchicha na nyanya uanzie kitaluni chini ya kivuli cha makuti. Mashimo ya michungwa na miembe chimba sasa, futi 2 kwa 2, udongo wa juu uweke upande wake, uchanganye na mboji, urudishe, uache shimo lisubiri mpaka ardhi ilowe hasa.