Kubadili jina la domeni si sawa na kuhamia domeni mpya

Domeni ya kampuni ni mkusanyiko wa akaunti za wafanyakazi, kompyuta na ruhusa, unaotunzwa na seva za Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji na kompyuta. Mhasibu wa Kampala akiingiza nenosiri asubuhi, seva ya domeni ndiyo inayomtambua na kuamua afungue mafaili yapi. Isichanganywe na jina la tovuti, lile la .co.ug ambalo kampuni hulipia kila mwaka, hata kama majina yenyewe yanafanana.

Kampuni ikinunuliwa au ikibadili jina, wakubwa hutaka jina la zamani liondoke kwenye kompyuta. Kabla ya kugusa seva, uliza jina hilo linamkera nani, na wapi. Mara nyingi tatizo ni moja tu: wafanyakazi wanaingia kwa jina@zamani.local, na Microsoft 365 hailitambui. Hilo huponywa kwa kuongeza kiambishi kipya cha jina la kuingilia, yaani sehemu inayofuata @, tuseme mpya.co.ug, kisha kukiweka kwenye akaunti ya kila mtumiaji. Domeni yenyewe inabaki ilivyo. Kwa maoni yetu, kampuni nyingi zingeishia hapo.

Kubadili jina ni kazi nyingine. Akaunti ni zilezile na namba zake za utambulisho ni zilezile; jina tu ndilo linalobadilika, kwa programu ya rendom. Unaiendesha kwenye kompyuta iliyo ndani ya domeni lakini isiyo seva ya domeni. Andaa kwanza zoni ya DNS ya jina jipya, yaani orodha inayowezesha kompyuta kuzipata seva kwa jina hilo. Amri ya rendom /list inatoa faili la Domainlist.xml, humo unaandika jina jipya refu na lile fupi lisilozidi herufi 15. Zinafuata /upload, /prepare na /execute. Hatua ya /prepare huulizia kila seva ya domeni, hivyo kama laini ya tawi la Gulu imekatika, subiri irudi. Baada ya /execute seva hujiwasha upya zenyewe. Ndipo unatoa /end na kurekebisha sera za kikundi, yaani mipangilio ambayo domeni huzipa kompyuta na watumiaji, kwa programu ya gpfixup.

Sasa zamu ya kompyuta za kawaida: kila moja lazima iwashwe upya mara mbili ikiwa imeunganishwa kwa waya. Mara ya kwanza inagundua jina jipya, mara ya pili huduma zake zote zinalipokea. Laptopu ya afisa aliyeko Mbarara anayeunganisha na ofisi kwa VPN pekee, yaani kupitia intaneti, haitafaulu hivyo. Itolewe kwenye domeni na kuingizwa upya kwa mkono. Umeme ukikatika katikati ya zoezi, anza upya kuiwasha mara mbili kila mashine usiyo na uhakika nayo. Usikimbilie rendom /clean, kwa sababu inafuta kumbukumbu ya jina la zamani, na kompyuta iliyochelewa inabaki nje.

Kuna kizuizi kisicho na mjadala: penye Exchange 2007, seva ya barua pepe ya Microsoft, au toleo lolote la baadaye, Microsoft haikubali jina la domeni libadilishwe. Hapo inabaki kuhama.

Kuhama maana yake ni kujenga domeni mpya kando ya ile ya zamani, kuziwekea uaminiano ili kila moja itambue akaunti za nyingine, kisha kuvusha watu kwa makundi kwa kutumia ADMT, programu ya Microsoft ya kuhamisha akaunti. Kila mtu anapata namba mpya ya utambulisho. Ile ya zamani huhifadhiwa kwenye sehemu ya akaunti yake iitwayo sIDHistory ili mafaili ya pamoja yaendelee kumfungukia. Ikiwa uaminiano unachuja namba hizo, atakataliwa ingawa ruhusa zake zinaonekana sawa. Linalotia watu hofu zaidi ni profaili, yaani folda yenye nyaraka na mipangilio ya kila mtumiaji. Kompyuta isipotafsiriwa kwanza, yaani ruhusa za profaili zisipohamishiwa akaunti mpya, mfanyakazi anaingia na kukuta skrini tupu, bila nyaraka wala barua pepe. Hazijapotea. Ziko ndani ya C:\Users, kwenye folda ya akaunti yake ya zamani, ambayo ile mpya haina haki ya kuifungua. Kwa hiyo anza na kundi dogo lenye mtu wa kila idara, kwa kuwa uhasibu na stoo hutumia programu tofauti.

Na ukichagua rendom, seva za domeni zenyewe zitabaki na majina marefu ya zamani. Hayo hubadilishwa baadaye kwa amri ya netdom computername, seva moja baada ya nyingine.