Je, wajua kwa nini Iraq iliidai Kuwait?

Ukiuliza, wengi watakujibu kwamba dai hilo lilibuniwa na Saddam Hussein mwaka 1990 kwa uchu wa mafuta. Uchu ulikuwepo, na madeni ya vita na Iran yalimkaba. Ila dai lenyewe lilimtangulia mbali. Mfalme Ghazi alilitangaza kwa redio kutoka kasri lake la Baghdad katika miaka ya 1930. Tarehe 25 Juni 1961, siku sita tu baada ya Kuwait kupata uhuru, Waziri Mkuu Abdul Karim Qasim alilifufua: Kuwait, alisema, ni sehemu ya mkoa wa Basra wa Iraq. Wakati huo Saddam alikuwa mkimbizi Cairo, baada ya kushiriki jaribio la kumuua Qasim huyohuyo mwaka 1959. Inashangaza kwamba ndiye aliyekuja kulibeba dai la hasimu wake hadi vitani.

Wapo pia wanaoamini kuwa Waingereza waliimega Kuwait kutoka Iraq. Hilo nalo halisimami, kwa sababu Sheikh Mubarak wa Kuwait alipotia saini mkataba wa siri na Uingereza mwaka 1899, akiahidi kutotoa ardhi yake bila ridhaa yao, dola iitwayo Iraq haikuwepo. Ilizaliwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kutokana na mikoa ya Dola ya Uthmaniya: Mosul, Baghdad na Basra.

Hoja ya Iraq basi ilikuwa ya urithi kutoka Dola ya Uthmaniya. Mwaka 1871 mtawala wa Kuwait alikuwa amekubali cheo cha Kiuthmaniya, na mwaka 1913 Uingereza na Waothmani walitia saini mkataba ulioitaja Kuwait kuwa wilaya ya dola hiyo yenye mamlaka yake ya ndani. Vita vikazuka kabla haujaridhiwa.

Chukulia mzee amefariki, na daftari lake limeorodhesha hata shamba la jirani. Jirani huyo amelima mwenyewe miaka yote, na alishamwahidi mtu mwingine kwamba hatauza bila ridhaa yake. Mtoto anaweza kulishika daftari na kudai, lakini hurithi alichomiliki marehemu, si kila alichokiandika. Zaidi ya hapo, mtoto mwenyewe alishaukubali mpaka: Julai 1932 Waziri Mkuu Nuri al-Said aliuthibitisha kwa barua, visiwa vya Warba na Bubiyan vikiwa upande wa Kuwait. Wairaqi walijibu baadaye kwamba nchi yao ilikuwa bado chini ya Uingereza. Hoja hiyo ina uzito wake.

Mwaka 1961 Uingereza ilishusha majeshi Kuwait kwa haraka, ikiwemo Brigedi ya 24 kutoka Kenya. Iwapo Qasim alikusudia kweli kuvamia, ushahidi ni hafifu. Miezi michache baadaye Jumuiya ya Nchi za Kiarabu ilipeleka kikosi chake, Waarabu wakailinda nchi ya Kiarabu dhidi ya ndugu yao. Qasim alipinduliwa Februari 1963, na Oktoba mwaka huohuo Iraq ikaitambua Kuwait.

Baada ya uvamizi wa 1990 na vita vilivyoung'oa, Umoja wa Mataifa ulichora mpaka mwaka 1993, na Iraq ikaukubali mwaka uliofuata. Mzozo uliobaki ni wa maji, kwa kuwa pwani ya Iraq ni fupi mno: Septemba 2023 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Iraq ilibatilisha sheria iliyoridhia makubaliano na Kuwait kuhusu safari za meli katika Khor Abdullah, mkondo wa bahari ulio kati ya nchi hizo mbili.