Je, ng'ombe huficha maziwa kwa makusudi?

Kwa miaka mingi niliamini, kama wafugaji wengi wasemavyo hadi leo, kwamba ng'ombe akikamuliwa na mgeni huficha maziwa kwa kinyongo. Sivyo. Kiweleni hamna msuli ambao ng'ombe anaweza kuukaza apendapo. Tena ng'ombe huyohuyo akidungwa sindano ya homoni iitwayo oksitosini huyashusha maziwa muda mfupi baadaye, na sijapata kusikia kinyongo kilichotibiwa kwa sindano.

Siri imo katika namna maziwa yanavyokaa. Fikiria nazi iliyokunwa, ikalowekwa na kutiwa kwenye kifumbu: tui kidogo litadondoka lenyewe, lakini lililo jingi halitoki mpaka mkono ukamue. Vivyo hivyo, takribani asilimia 80 ya maziwa imo katika vifuko vidogo mno vilivyozungukwa na seli zinazojikunja, na mkono wa kuvikamua ni homoni ya oksitosini, ambayo ubongo huimwaga katika damu chuchu zinaposuguliwa au ndama anaponyonya. Huchukua dakika moja hivi kufika na kufanya kazi. Ng'ombe akishtuka, adrenalini, homoni ya mshtuko, hubana mishipa ya damu ya kiwele na kuzilegeza seli zile, hata mkono ukawa kama umefungwa kamba. Mkamuaji hupata lile tui la kudondoka tu, pamoja na mateke.

Mwaka 1941, Fordyce Ely na W. E. Petersen wa Marekani walichapisha jaribio ambalo bado hunichekesha: walimpandisha paka mgongoni mwa ng'ombe, kisha wakapasua mifuko ya karatasi kila baada ya sekunde 10 kwa dakika mbili. Maziwa yalipungua, kama yalivyopungua walipodunga adrenalini. Hata hivyo adrenalini isibebeshwe lawama zote, kwani vipimo vya damu vya baadaye vilionyesha kwamba ng'ombe anayekamuliwa mahali pageni mara nyingi huwa hajaitoa oksitosini yenyewe.

Ng'ombe wa asili wa kwetu ni wagumu zaidi, na wengi hawashushi bila ndama kuwapo. Wanuer wa Sudan Kusini, ndama akifa, huijaza majani makavu ngozi yake na kuipaka mkojo wa mama yake. Naye ng'ombe, yule tunayemdhania kuwa na hila, huinusa, huilamba, na kushusha maziwa.